Ndege wanaokimbia baridi ya Siberia: Namna ya kujiandaa kuwatazama Mida

Na Mwandishi Wetu, Watamu

WAKATI theluji inapofunika nyanda za kaskazini ya dunia na mito ya Siberia kuganda hadi magari yakapita juu yake, maelfu ya ndege waliozaliwa huko huwa wamekwishafika pwani ya Kenya na kutawanyika juu ya matope ya hori la Mida, karibu na mji wa Watamu, Kaunti ya Kilifi.

Ndege hao huanza kuwasili mwezi Agosti, huwa wengi kuanzia Oktoba hadi Machi, na wengi wao huwa wamekwishaondoka ifikapo mwanzoni mwa Mei. Kwa mkazi wa Ulaya huo ni wakati wa makoti na moto wa mekoni; kwa mkazi wa pwani ni msimu wa upepo wa kaskazi, jua kali na bahari ya joto.

Ziara za kuwatazama ndege hao zikiongozwa na wenyeji hupendwa na watalii kutoka nje, lakini hata mkazi wa Mombasa au Nairobi anaweza kushiriki. Hata hivyo, wengi wanaokwenda bila maandalizi hurudi wakilalamika kwamba hawakuona kitu ila matope na mikoko. Wengine huona ndege wengi, lakini kwa namna inayowaachia ndege hao hasara wasiyoijua.

Mambo mawili huamua kama ziara itakuwa na maana: saa ya bahari na umbali wa mtazamaji. Mengine yote, kuanzia darubini hadi kofia, huja baada ya hayo.

Kwa nini Mida

Hori la Mida, ambalo wageni hulijua zaidi kama Mida Creek, ni mkono wa bahari unaoingia bara yapata kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa. Limezungukwa na mikoko, na kwa upande wa bara linapakana na Msitu wa Arabuko-Sokoke. Hori hilo limo katika eneo la bahari la Watamu lililowekwa chini ya hifadhi mwaka 1968, na mwaka 1979 shirika la UNESCO liliitambua Malindi na Watamu kuwa miongoni mwa maeneo ya mazingira hai ya dunia.

Maji yanapopwa, sehemu kubwa ya hori hubaki matope na mchanga mtupu. Kwa macho ya mpita njia hilo ni jangwa la kijivu. Kwa ndege ni meza iliyoandaliwa: ndani ya matope hayo wamo kaa wadogo, minyoo ya bahari, konokono na kamba.

Kinachowafukuza ndege hao makwao si ubaridi wenyewe tu. Ardhi inapoganda, mdomo hauwezi kupenya na wadudu hutoweka, hivyo ndege anayekula kwa kuchokoa matope hana budi kuhama au kufa njaa. Kutoka mwambao wa kaskazini wa Siberia hadi Mida ni zaidi ya kilomita 8,000, safari inayofanywa na ndege ambaye baadhi ya jamaa zake hawafikii uzito wa yai la kuku.

Si wote wanaotoka kwenye barafu. Mgeni anayeipa Mida sifa ya pekee ni ndege mla-kaa, ambaye jina lake la kisayansi ni Dromas ardeola. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi uliofanana na kisu. Huyu huzaliana katika mwambao wa Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Pembe ya Afrika, nchi zilezile ambako majahazi yalikuwa yakitoka kuja Lamu na Mombasa. Tofauti na jamaa zake wote wa ufukweni, yeye hutaga yai lake ndani ya shimo alilochimba mchangani. Baada ya kuzaliana huja Mida kwa makundi, wakati mwingine mamia kwa pamoja, na kinda huonekana bado akimfuata mzazi na kumlilia chakula.

Saa ya bahari si saa ya ukutani

Kosa la kwanza la mgeni ni kupanga ziara kwa saa inayomfaa yeye. Maji yakiwa yamepwa kabisa, ndege hutawanyika mbali juu ya matope, kiasi kwamba hata darubini nzuri huwaonyesha kama punje za mchele. Maji yakijaa kabisa, huhamia mahali pa kupumzikia na matope yote hufunikwa.

Wakati unaofaa uko katikati. Waongozaji wenye uzoefu hupanga kufika saa mbili hadi tatu kabla ya maji kujaa. Bahari inapopanda taratibu, matope hupungua na ndege husogezwa na maji yenyewe kuelekea ukingoni alipo mtazamaji. Hakuna haja ya kuwafuata, bahari huwaleta.

Hapo ndipo elimu ya wavuvi inapohitajika. Kwa siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika zipatazo 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita tatu. Katikati ya vipindi hivyo huwa maji mafu, ambayo hayapandi wala kushuka sana.

Katika mwambao wa Kenya, siku za bamvua maji hujaa takriban saa 10 alasiri na kupwa takriban saa 4 asubuhi. Kwa hiyo anayekwenda Mida siku ya mwezi mwandamo au mpevu akutane na mwongozaji wake mnamo saa 7 mchana, akijua kwamba atasimama juani. Siku mbili au tatu kabla ya bamvua, maji hujaa mapema mchana, na kikundi kinaweza kuanza kabla ya adhuhuri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa takriban saa 4 asubuhi, hivyo ziara huanza alfajiri kukiwa na ubaridi, ingawa ndege hawasogezwi karibu kama wakati wa bamvua.

Hesabu hizo ni za kupangia safari tu. Kabla ya kukata tikiti, ni vyema kuangalia jedwali la maji la bandari ya Mombasa kwa siku husika, kisha kumuuliza mwongozaji, kwa sababu maji huchelewa kidogo kujaa ndani ya hori kuliko kwenye bahari ya wazi.

Kwa nini mwongozaji

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini alipe kuonyeshwa ndege ambao wako hadharani. Sababu ya kwanza ni usalama. Matope ya Mida hayalingani. Mahali pengine mguu huzama hadi kifundo na pengine hadi gotini. Asiyeyajua huweza kujikuta amesimama kwenye kisiwa cha mchanga huku maji yakipanda nyuma yake.

Sababu ya pili ni macho. Ndege wa ufukweni wanapokuwa huku huvaa manyoya ya kijivu na kahawia yanayofanana sana, na mgeni huweza kutazama spishi kumi akadhani ameona moja. Mwongozaji hutofautisha kwa mwendo, umbo na sauti.

Kabla ya kukubaliana naye, ni vyema kumuuliza maswali manne: anapendekeza kuanza saa ngapi na kwa nini, kikundi kitakuwa na watu wangapi, kama ana darubini kubwa ya kusimamisha kwenye miguu mitatu, na ni malipo gani yaliyojumuishwa katika bei yake. Anayejibu swali la kwanza kwa kuuliza mgeni anapenda kuamka saa ngapi, bila kutaja maji, bado hajawa mwongozaji wa ndege wa ufukweni. Kikundi cha watu sita hadi wanane kinatosha. Wakizidi hapo, wa mwisho hufika ndege wamekwisharuka.

Viingilio vya hifadhi na vya daraja la mbao lililotundikwa juu ya mikoko hubadilika mara kwa mara, hivyo ni busara kuulizia viwango vya siku hiyo.

Vya kubeba na vya kuacha

Chombo cha lazima ni darubini ya macho mawili. Iliyoandikwa 8x42 inamfaa anayeanza: namba ya kwanza ni mara ambazo kitu hukuzwa, na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Yenye kukuza mara 10 huleta ndege karibu zaidi, lakini huonyesha pia kila mtikisiko wa mkono. Kwa kuwa darubini ni ghali, wengi huanza kwa kuazima au kukodi.

Mazoezi ya nyumbani husaidia kuliko wengi wanavyodhani. Mtu amtazame kunguru au njiwa kwa macho, kisha, bila kuhamisha macho, ainue darubini hadi usoni. Anayeishusha shingo kutafuta darubini humpoteza ndege kila mara. Mwenye miwani akunje au kuzungusha chini vikombe vya mpira vilivyo upande wa jicho, ili aone uwanja wote.

Anayesikia neno baridi asifungashe sweta. Kinachohitajika ni kofia pana, shati la mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua na maji ya kunywa yasiyopungua lita moja na nusu kwa kila mtu. Jua la kaskazi hupiga mara mbili, juu ya kichwa na kutoka kwenye maji. Dawa ya mbu hufaa kwa anayebaki mikokoni hadi magharibi.

Rangi za nguo ziwe za kufifia: kijani kibichi, kahawia au kijivu. Nyeupe inayong'aa na nyekundu humtangaza mtu toka mbali. Viatu viwe vinavyokubali kulowa na vinavyoshika mguu sawasawa, kwani kandambili hubaki matopeni. Simu na kamera zitiwe ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji, na daftari dogo na penseli visisahaulike, kwa sababu wino huchuruzika ukilowa.

Vya kuacha nyumbani ni vipaza sauti, ndege zisizo na rubani na mbwa. Watoto wanakaribishwa, mradi waelezwe mapema kwamba mchezo wenyewe ni kunyamaza. Daraja la mbao huyumba kidogo mtu anapopita, hivyo mzee au mwenye matatizo ya kutembea amweleze mwongozaji mapema ili atafutiwe mahali pengine ukingoni.

Kumtambua mgeni

Anayeanza asihangaike na rangi. Atazame kwanza mdomo, kisha miguu, kisha mwendo.

Wapo wanaokimbia hatua chache, wakasimama ghafla, wakadonoa, kisha wakakimbia tena. Hao wana midomo mifupi na macho makubwa, na huwinda kwa kuona. Wapo wengine, wale ambao watu wa pwani huwaita vitwitwi, wanaotembea vichwa vikiwa chini wakichokoa matope bila kupumzika kama cherehani. Hao huwinda kwa kupapasa kwa ncha ya mdomo. Mmoja wao ana mdomo uliopinda kuelekea juu, na hukimbia huku na huku akifukuza kaa kana kwamba amechelewa gari. Sululu ni mkubwa zaidi, mdomo wake mrefu umepinda kuelekea chini, na filimbi yake ya mfululizo husikika kabla ya yeye kuonekana.

Mwezi wa Machi na Aprili kazi huwa rahisi. Ndege huanza kuvaa manyoya ya ndoa: kitwitwi mwenye mdomo uliopinda, Calidris ferruginea, hugeuka mwekundu kama tofali, na yule wa kijivu aitwaye Pluvialis squatarola huwa mweusi tumboni. Ndio wakati wa kupendeza zaidi. Ndio pia wakati wa hatari zaidi kwao.

Umbali ni sehemu ya ziara

Ndege anayetaka kurudi Siberia hubeba mafuta yake mwilini. Katika wiki za mwisho kabla ya kuondoka hula mchana na usiku, kila matope yanapokuwa wazi, na baadhi ya spishi hukaribia kuongeza uzito wao maradufu. Kitwitwi aliyefika hapa akiwa na gramu 50 au 60 hulazimika kuweka akiba ya kutosha kumvusha jangwa na bahari bila kutua.

Kila kundi linaporushwa na watu hupoteza mara mbili. Hutumia mafuta kuruka, na hupoteza dakika za kula ambazo hazirudi, kwa sababu maji hayamngoji aliyesumbuliwa. Maji yakiwa yamejaa hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa ndege hao hawana mahali pengi pa kupumzikia.

Kwa hiyo kanuni ni moja: ndege akiinua kichwa na kuacha kula, mtazamaji amekwishasogea mno. Asimame. Akiona wengine nao wanainua vichwa na kuanza kutembea kumkwepa, arudi nyuma taratibu. Picha ya kundi zima likiwa angani huwavutia wengi, lakini aliyelirusha kwa makusudi ili aipige amelipia picha hiyo kwa mafuta ya ndege.

Suala hilo si dogo. Oktoba 2024, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilipandisha daraja la hatari la spishi 16 za ndege wa ufukweni wanaohama. Miongoni mwao wamo hao wawili waliotajwa, Calidris ferruginea na Pluvialis squatarola, ambao sasa wamo katika kundi la walio hatarini kutoweka. Matatizo yao mengi yako kwenye njia ndefu wanayopita, kuanzia fukwe zilizojengwa hadi hali ya hewa inayobadilika kwao kaskazini. Mgeni wa Mida hawezi kuyatatua hayo, lakini anaweza kuhakikisha kwamba hapa, angalau, ndege ameshiba.

Faida kwa wenyeji

Kwa jamii zinazoizunguka Mida, ndege hai wana thamani inayohesabika. Mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mpango uitwao ASSETS, ambao hutumia mapato ya utalii wa mazingira, yakiwamo ya daraja la mikokoni na kibanda cha kutazamia ndege, pamoja na michango, kuwasaidia kwa karo ya sekondari wanafunzi wa familia zinazoishi kando ya hori na Msitu wa Arabuko-Sokoke.

Fikra yenyewe ni nyepesi. Mzazi ambaye mwanawe anasomeshwa na mikoko iliyosimama ana sababu ya kutoikata kuwa boriti au kuni. Lakini hesabu hiyo husimama kwa mguu wa wageni. Wakikoma kuja, au ndege wakikoma kutua, sababu hiyo hudhoofika.

Mgeni anaweza kuchangia pia kwa elimu. Ndege wengine huvishwa pete miguuni na watafiti. Atakayesoma au kupiga picha namba za pete ampe mwongozaji pamoja na tarehe na mahali. Kila mwaka mwezi Januari hufanyika pia hesabu ya ndege wa majini katika sehemu mbalimbali za nchi, kazi inayotegemea watu wa kujitolea wakiongozwa na wataalamu.

Kwa asiyeweza kufika Mida

Mkazi wa Nairobi anaweza kuanzia karibu na nyumbani. Matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi, yanayoendeshwa chini ya chama cha Nature Kenya, yamekuwapo tangu mwaka 1971, na huko anayeanza hufunzwa kushika darubini na wenye uzoefu.

Wa Malindi wana mdomo wa Mto Sabaki, ambako shakwe na ndege wengine wa pwani hukusanyika kwa wingi, japo viboko wa mtoni humlazimu mgeni kwenda na mwenyeji. Kwa upande wa Tanzania, ndege hawa hawa hushukia matope ya delta ya Rufiji, iliyo ndani ya eneo la Rufiji-Mafia-Kilwa lililoingizwa mwaka 2004 katika orodha ya ardhi oevu zinazolindwa na Mkataba wa Ramsar.

Popote atakapokwenda, msafiri aanze na mambo matatu kwa mpangilio huu: aangalie jedwali la maji, ampigie simu mwongozaji, kisha ndipo apange usafiri. Na akifika, akae chini ya kivuli cha mkoko, anyamaze, aiache bahari ipande.

Mwishoni mwa Aprili wengi wa wageni hao hawatakuwapo. Jioni moja, maji yakiwa yamejaa, makundi hupanda juu yakiitana, huzunguka hori, kisha huelekea kaskazini. Watakaobaki ni vijana wa mwaka wa kwanza, ambao wengi wao huahirisha safari hadi mwaka unaofuata. Waliobaki na waliokwenda wote hutegemea kuyakuta matope ya Mida yakiwa wazi na yenye utulivu mwezi Agosti.